Kisanduku cha bluu na nyeusi: namna ruta ya nyumbani ilivyofunguliwa, na faida yake kwa Kasumbalesa

KASUMBALESA – Katika nyumba nyingi za mji huu wa mpakani, intaneti inaingia kwa njia moja: kisanduku kidogo chenye taa zinazometameta, kimewekwa juu ya kabati au kimetundikwa karibu na dirisha. Baba analipia, watoto wanatumia, jirani anaomba neno la siri. Na malalamiko ni yale yale kila mtaa: sebuleni Wi-Fi ni nzuri, chumbani inayumba, uani hakuna kitu. Wengine wanaamua kutafuta dola za kununua ruta mpya. Wengine wanamwita fundi, na fundi anatoa ushauri unaowashangaza: kufuta programu iliyokuja na ruta na kuweka nyingine, ya bure.

Ushauri huo una historia ya zaidi ya miaka 20. Ndani yake mna kampuni kubwa ya Marekani, barua moja iliyoandikwa mwezi wa Juni, kliniki ya Afrika Kusini, kijiji cha Zambia na vilele viwili vya Venezuela. Ni vizuri wakaaji kuijua kabla ya kugusa kisanduku cha nyumbani, kwa sababu inajibu maswali mawili ambayo watu huyachanganya: nani ana haki juu ya kifaa kilichokwisha kulipiwa, na kitu gani hasa kinayafanya mawimbi yafike mbali.

Ruta ni kompyuta ndogo

Ruta haina kioo wala kibodi, lakini ni kompyuta kamili. Ina chipu inayofikiri, kumbukumbu, na redio inayorusha na kupokea mawimbi. Kazi yake yote inaongozwa na programu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ya ndani, ile ambayo mafundi wanaiita famuwea. Programu hiyo ndiyo inayoamua ruta itatumia chaneli gani, itarusha kwa nguvu kiasi gani, nani ataingia na nani atakataliwa. Mtengenezaji anaiweka kiwandani, na mnunuzi wa kawaida haioni. Anaona tu ukurasa mdogo wa mipangilio wenye vitufe vichache alivyoachiwa.

Mwezi wa Desemba 2002, kampuni ya Marekani iitwayo Linksys ilitoa ruta ya nyumbani yenye jina WRT54G. Ilikuwa ya rangi ya bluu na nyeusi, na ilikuwa na antena mbili zinazoweza kufunguliwa kwa mkono. Nambari 54 ilionyesha kasi yake ya juu kabisa, yaani megabiti 54 kwa sekunde, na herufi G ilionyesha kizazi cha Wi-Fi cha wakati ule. Ilinunuliwa sana. Mwezi wa Machi 2003 kampuni ya Cisco, inayojulikana kwa mashine kubwa za mitandao, ilitangaza kwamba inainunua Linksys kwa kiasi cha dola milioni 500.

Cisco haikujua kwamba imenunua pia deni.

Barua ya Juni 2003

Mwezi wa Juni mwaka huo, mtu mmoja aitwaye Andrew Miklas aliandika barua kwa waandishi wa Linux, programu kuu ya kompyuta iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Alieleza kwamba amechunguza programu ya WRT54G na kukuta ndani yake mna Linux. Kutumia Linux si kosa. Ni ya bure na kila mtu anaruhusiwa. Lakini Linux inatolewa chini ya leseni iitwayo GPL, na leseni hiyo ina sharti: anayegawa kifaa chenye programu hiyo lazima awape wateja maandishi yake ya asili pia, ili waweze kuisoma, kuibadilisha na kuigawa tena. Linksys ilikuwa inauza kisanduku bila kutoa maandishi hayo.

Leseni ya GPL iliandikwa na Mmarekani Richard Stallman, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989. Wazo lake halikuwa kuwanyima watu biashara. Alichokataa ni hali ya mtu kununua mashine kisha kukatazwa kuitengeneza inapomletea shida. Mkaaji wa Kasumbalesa anaielewa hoja hiyo bila kufundishwa. Gari la mtu likiharibika barabara ya Lubumbashi, analifungua na kulitengeneza, na hakuna anayemwambia kwamba boneti ni mali ya kiwanda.

Asili ya kosa ilikuwa ndefu. Linksys haikuandika programu yote yenyewe: chipu zilitoka Broadcom, na kifaa kilitengenezwa na kampuni ya Taiwan. Kila mmoja alipokea kazi ya mwenzake na kuipitisha mbele, na sharti la leseni likasahauliwa njiani. Lakini jina lililoandikwa juu ya kisanduku lilikuwa la Linksys, kwa hiyo deni likawa lake. Baada ya miezi michache ya kubanwa na watetezi wa programu huria, kampuni ikaweka maandishi hayo hadharani mwaka ule ule wa 2003.

Ugomvi haukuishia hapo. Mwezi wa Desemba 2008, shirika la Free Software Foundation liliishtaki Cisco mahakamani kwa sababu bidhaa nyingine za Linksys ziliendelea kukosa maandishi hayo. Mwezi wa Mei 2009 pande mbili zilipatana: Cisco ilikubali kumteua mtu wa kusimamia utii wa leseni na kutoa mchango wa fedha kwa shirika hilo.

Mlango ukafunguka

Maandishi yalipotoka, mafundi wa nchi nyingi waliyashika mara moja. Mwezi wa Januari 2004 ulianza mradi wa OpenWrt, ambao mpaka leo ndio mama wa programu nyingi za ruta. Mwaka 2005 Mjerumani Sebastian Gottschall alianzisha DD-WRT, iliyopendwa kwa sababu ya ukurasa wake wa mipangilio ambao hata asiye fundi angeweza kuusoma. Baadaye ikaja Tomato, iliyosifiwa kwa wepesi.

Kisanduku cha chini ya dola 100 kikaanza kufanya kazi za mashine za bei kubwa. Kiliweza kugawa kasi ili mtoto anayetazama video asimzuie mama anayepiga simu ya intaneti. Kiliweza kupokea Wi-Fi kutoka nyumba nyingine na kuipitisha kwa waya, au kuirudisha hewani kwa ajili ya chumba cha nyuma. Kiliweza kuwapa wageni mtandao wao peke yao, mbali na kompyuta za nyumbani. Redio na chipu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni maagizo tu.

Kampuni nayo ikajibu kwa hesabu zake. Mwishoni mwa mwaka 2005 ilitoka WRT54G ya toleo la 5, iliyoacha Linux na kupunguziwa kumbukumbu, hata programu nyingi za nje hazikuweza kuingia. Kwa wale waliotaka ile ya zamani, ikauzwa nyingine yenye jina WRT54GL, na herufi L ilikuwa ya Linux. Tangu siku zile mafundi wana kanuni ambayo bado ina nguvu: usiangalie jina la ruta peke yake, geuza kisanduku usome na nambari ya toleo iliyoandikwa chini. Ruta mbili zenye jina moja na sura moja zinaweza kuwa na matumbo tofauti, na programu ya moja ikaiua nyingine.

Kupaza sauti si kusikia

Kati ya vitufe vipya, kimoja ndicho kilichowavuta watu wengi: kitufe cha nguvu ya redio. DD-WRT kwenye WRT54G ilikubali kuandikiwa nambari hadi miliwati 251, wakati ruta ilikuwa ikirusha kwa nguvu ndogo zaidi ya hapo. Wengi waliandika nambari kubwa, wakangoja muujiza, na uani kukabaki vile vile.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Mahali peupe, ili mawimbi yafike mara mbili ya umbali, nguvu inabidi iongezwe mara nne. Ukutani ni vibaya zaidi, kwani tofali na zege vinakula mawimbi, na bati linayarudisha. Sababu ya pili ni joto: redio ndogo ikilazimishwa inachemka, inachafua mawimbi yake yenyewe na kufupisha maisha yake. Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Wi-Fi ni mazungumzo ya watu wawili. Ruta ikipaza sauti, simu iliyo uani itaisikia, lakini sauti ya simu yenyewe haijaongezeka. Simu itaonyesha vijiti vingi vya mtandao, na ukurasa hautafunguka.

Antena nzuri ni jambo jingine kabisa. Antena haitengenezi nguvu; inaielekeza, kama kiganja kilichowekwa nyuma ya sikio. Inasaidia kusema na kusikia kwa pamoja. Mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, kwa hiyo antena zake ni ndogo, na mafundi wengi duniani walijifunza kuzitengeneza kwa kopo la bati au kwa kipande cha waya wa shaba kilichokunjwa kwa vipimo. Shaba hiyo ndiyo ile ile inayopita Kasumbalesa kila siku juu ya malori, ikienda ng'ambo na kurudi ikiwa ndani ya vifaa.

Ushahidi mkubwa ulitoka Venezuela. Mwezi wa Aprili 2006, mhandisi Ermanno Pietrosemoli wa shirika la EsLaRed na wenzake walichukua ruta za WRT54G na antena kubwa za dishi, wakaziweka mahali pawili palipoonana. Pamoja palikuwa kilele cha Andes chenye zaidi ya mita 4,000. Ruta hizo ziliongea kwa umbali wa kilomita 279, unaokaribia safari ya kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi.

Antena na mlima ndivyo vilivyofanya kazi kubwa, lakini programu ya kiwandani ingewakatisha. Kila redio ya Wi-Fi inapotuma kipande cha ujumbe, inangoja jibu fupi la kusema kimefika. Jibu lisipokuja upesi, inahesabu kwamba kimepotea na kukituma tena. Kwa nyumba hilo linatosha. Kwa kilomita 279, mawimbi yenyewe, yanayokimbia kilomita laki tatu kwa sekunde, yanahitaji karibu sekunde moja ya elfu kufika upande mmoja tu, na mengine kama hiyo kurudi. Ruta ya kawaida ingekata tamaa kabla jibu halijafika nusu ya njia. Programu ya OpenWrt iliwaruhusu kurefusha muda wa kungoja. Mwaka 2007 walifika kilomita 382, safari hiyo wakitumia pia programu iliyobadilishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley.

Hiyo ndiyo zawadi ya kweli ya programu huria kwa umbali: si kupiga kelele zaidi, bali kujua kungoja.

Kutoka Mpumalanga hadi Macha na Idjwi

Katika Afrika, visanduku hivi havikuchezewa kwa ajili ya rekodi. Katikati ya miaka ya 2000, watafiti wa Taasisi ya Meraka ya Afrika Kusini walijenga mtandao katika bonde la Peebles, jimbo la Mpumalanga. Intaneti ya setilaiti ilikuwa kwenye kliniki ya wagonjwa wa UKIMWI. Walichukua ruta za WRT54G, wakafuta programu ya kiwandani na kuweka ile ya Freifunk, iliyoandikwa na wanajamii wa Ujerumani. Kwa programu hiyo kila ruta inakuwa mpokezi na mpitishaji: nyumba inapata ujumbe kutoka jirani na kuupeleka kwa jirani wa tatu, na ikizimika moja, ujumbe unatafuta njia nyingine. Baadhi ya antena zilikuwa za makopo.

Karibu zaidi na Kasumbalesa, ng'ambo ya mpaka, kuna Macha, kijiji cha Jimbo la Kusini la Zambia, mbali na barabara kuu ya Choma. Huko mradi wa LinkNet ulipokea intaneti kwa setilaiti na kuigawa kwa redio za Wi-Fi kati ya hospitali ya misheni, taasisi ya utafiti wa malaria na nyumba za wafanyakazi. Watafiti walipopima matumizi yake waliona kwamba mashaka ya kijiji ni yale yale ya mjini: njia moja nyembamba ya kwenda nje, na watu wengi wanaoigombania.

Mwaka 2008 Afrika Kusini ilizaa mradi wa Village Telco, ulioongozwa na Steve Song. Kifaa chake, kilichoitwa Mesh Potato, kilikuwa ruta inayoendeshwa na OpenWrt, na mtu aliweza kuchomeka humo simu ya kawaida ya mezani na kumpigia jirani bila kulipia dakika. Hapa Kongo, kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilipata mtandao wake wa jamii, Pamoja Net, unaovuta intaneti kwa redio kuvuka maji.

Mitandao hii inaonyesha pia mpaka wa jambo lenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa katika Kongo nzima kwa karibu siku 20. Ruta yenye programu yoyote haiwezi kurudisha njia iliyofungwa kwenye chanzo. Lakini ruta zinazoongea zenyewe kwa zenyewe zinaendelea kuongea: shule inaweza kusoma vitabu vilivyohifadhiwa kwenye kompyuta ya shule, na kliniki inaweza kutuma faili kutoka chumba hadi chumba.

Mawimbi hayana pasipoti

Uhuru huu ulileta hofu kwa wasimamizi wa mawimbi. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliweka kanuni za kuzuia ruta zisirushe nje ya nguvu na chaneli zinazoruhusiwa, na watetezi wa programu huria waliogopa kwamba viwanda vitafunga visanduku moja kwa moja. Mwaka 2016 kampuni ya TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 kwa kuuza ruta zilizoweza kuvuka nguvu hizo. Lakini katika mapatano hayo hayo ilitakiwa kushughulikia njia ya kukubali programu za nje kwa usalama. Maana yake ni kwamba kosa lilikuwa kuvuka kipimo, si kufungua kisanduku.

Kwa Kasumbalesa somo hilo lina uzito. Upande huu msimamizi ni ARPTC, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Upande wa pili ni ZICTA ya Zambia. Mawimbi hayasimami kwenye kizuizi cha forodha. Anayeongeza nguvu kupita kiasi anamsumbua jirani wa ukuta mmoja na jirani wa nchi nyingine kwa wakati mmoja. Katika mitaa iliyobanana, kila mmoja akipaza sauti, hakuna anayesikia.

Kabla ya kugusa kisanduku

Historia hii inawaachia wakaaji mambo machache ya kushika. Dawa ya kwanza ya uani haina gharama: kuinua ruta juu, kuitoa nyuma ya televisheni na mbali na bati, na kuchagua chaneli 1, 6 au 11 ambayo majirani hawaitumii sana. Dawa ya pili ni ruta ya pili iliyounganishwa kwa waya. Ile inayorudia mawimbi bila waya inasaidia pia, lakini kwa redio moja inagawa kasi nusu kwa nusu, kwa sababu kila ujumbe unasemwa mara mbili.

Kubadili programu kunakuja baada ya hapo, na si kwa kila kifaa. Tangu toleo la 21.02, OpenWrt inataka ruta yenye angalau megabaiti 8 za hifadhi na 64 za kumbukumbu ya kazi, na ruta nyingi za bei ndogo zilizojaa sokoni miaka iliyopita hazifiki hapo. Visanduku vya mfukoni vinavyobeba kadi ya simu mara nyingi havina programu mbadala kabisa. Kwa ruta inayokubalika, faida kubwa leo ni usalama: mtengenezaji akiacha kuitunza baada ya miaka michache, programu huria inaweza kuendelea kuziba matundu ambayo wezi wanapitia.

Na kuna hatari moja ambayo vitabu vya ng'ambo vinaitaja kwa mstari mmoja, lakini hapa inastahili ukurasa mzima. Dakika chache za kuandika programu mpya ndizo dakika za roho ya ruta. Umeme ukikatika katikati, kisanduku kinaweza kubaki na nusu ya programu ya zamani na nusu ya mpya, kikawa tofali. Katika mji unaojua délestage, fundi mwenye busara haanzi kazi hiyo kwa umeme wa SNEL peke yake. Ruta nyingi za nyumbani zinakula volti 12 kupitia adapta, kwa hiyo betri ya volti 12 yenye kidhibiti kizuri inatosha kuzibeba, baada ya kusoma volti zilizoandikwa nyuma ya kifaa. Kompyuta inayotuma programu nayo iunganishwe kwa waya, si kwa Wi-Fi, na nakala ya programu ya kiwandani iwe imehifadhiwa pembeni.

Ruta ya bluu na nyeusi sasa ni mzee. Kasi yake ni ndogo, na simu za leo zinaishinda. Lakini ile barua ya Juni 2003 ilithibitisha jambo ambalo halijazeeka: aliyenunua kisanduku ana haki ya kujua kinafanya nini ndani ya nyumba yake. Haki hiyo haiongezi hata megabaiti moja kwenye kifurushi kilicholipiwa, na haibomoi ukuta wa tofali. Inampa mwenye nyumba nafasi ya kukitengeneza kabla ya kukitupa, na kukitunza hata baada ya kiwanda kukisahau.